Heri mtaji mdogo kwa asiyeijua kazi bado

Katikati ya mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiitazama ardhi kutoka angani, kisha ukapeleka London pendekezo la kufyeka ekari milioni 3.2 za pori na kupanda karanga. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, mafuta ya kula Uingereza yalikuwa bado yanatolewa kwa mgawo, na serikali ya huko haikuchukua muda kukubali. Fedha zikapatikana, makadirio ya awali yalikuwa takriban pauni milioni 25. Watu wakapatikana, wengi wao askari waliotoka vitani wakitafuta maisha mapya. Hata matrekta yalipokuwa adimu, vifaru vya vita vilifumuliwa vikageuzwa mashine za kufyekea pori. Ambaye hakupatikana ni mtu aliyewahi kulima karanga kwa mashine katika udongo wa Kongwa, Tanganyika, kazi ilikoanzia. Udongo wa pale una mfinyanzi. Kiangazi kikiingia unakauka na kushikamana kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazichimbuki bila kuvunja kitu, ama karanga zenyewe ama jembe. Mizizi ya vichaka iliharibu mashine moja baada ya nyingine. Mvua nayo, ambayo wenyeji wa Ugogo wangeieleza tabia yake bila kudai senti, ilikataa kufuata ratiba iliyoandikwa London. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, na zilizopandwa hazikufika hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kongwa hufundishwa kama somo la historia ya ukoloni, na ni sawa. Mimi naona pia ni kesi ya biashara, tena inayotuhusu leo, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu ujasiriamali yamejengwa juu ya imani ileile: kwamba wazo likishakuwa kubwa na zuri, kilichobaki ni fedha. Hudhuria semina yoyote ya vijana, sikiliza kipindi chochote cha redio kinachopokea simu za wasikilizaji, utakuta malalamiko yanaanzia kwenye mtaji na kuishia kwenye mtaji. Ujuzi unatajwa katikati, kwa heshima, halafu watu wanarudi kuuliza benki gani ina riba nafuu. Hoja yangu inakwenda upande wa pili. Mtu mwenye wazo kubwa, asiye na fedha wala uzoefu, yuko mahali pazuri kuliko mwenye wazo hilohilo aliyepata fedha kabla ya uzoefu. Ufinyu wa mtaji unamlazimisha wa kwanza ajifunze kwa bei ndogo. Mtaji mkubwa unamruhusu wa pili akosee kwa bei kubwa, na mara nyingi unamruhusu akosee mara moja tu.

Lazima nieleze ni ujuzi gani ninaouzungumzia, maana sisemi vyeti. Kiongozi wa ujumbe ule wa 1946, John Wakefield, alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Huwezi kumwita mbumbumbu. Alijua kilimo. Asichokijua, na ambacho hakuna mtu angekijua kwa wiki tisa, ni jinsi zao lile, kwa mashine zile, katika ardhi ile, lingekwenda msimu hadi msimu. Kila biashara ina ujuzi wa namna hiyo: nani ananunua, siku gani ya mwezi ana hela, bidhaa kiasi gani inaharibika njiani, kifaa gani huvunjika kwanza na fundi wake anapatikana wapi. Mtu anaweza kuwa na shahada ya uhasibu asijue kwamba duka la jumla analotaka kuliuzia litachukua mzigo leo na kulipa baada ya miezi miwili. Ujuzi huu hauandikwi popote, hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa, na hupatikana kwa kuifanya kazi yenyewe au kukaa karibu sana na anayeifanya.

Tuchukue wazo ambalo wengi wa Singida na Dodoma wamewahi kulipigia hesabu: kiwanda cha kukamua na kusafisha mafuta ya alizeti, chenye nembo yake, kinachouza mpaka Dar es Salaam. Ni wazo kubwa na si la kipuuzi, kwa kuwa Tanzania imekuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Andiko la mkopo huanza na mashine: mashine kiasi hiki, jengo kiasi hiki, kuvuta umeme kiasi hiki. Sasa mfikirie mtu huyohuyo akiwa amenyimwa mkopo. Ana hela ya magunia machache tu ya alizeti. Anayapeleka kwa mwenye mashine, analipia kukamua, anasubiri palepale na madumu yake. Siku hiyo anajifunza mambo ambayo andiko halikuwa nayo. Anaona kwamba mbegu ya aina moja inatoa mafuta mengi na nyingine inatoa maganda matupu, na kwamba mkulima aliyemuuzia alikuwa anaijua tofauti hiyo tangu mwanzo. Anaona mashudu yanayobaki yana wateja wake, wafugaji wa kuku na ng'ombe, na anayepiga hesabu ya mafuta peke yake bila mashudu anajidanganya kuhusu faida. Anaona mafuta yaliyokamuliwa jana yameweka tope chini ya dumu, na mteja wa mjini aliyezoea mafuta maangavu ya dukani analigeuza dumu mara mbili kabla ya kuuliza bei. Na akitega sikio atamsikia mwenye mashine akilalamikia jambo zito kuliko yote: mashine inafanya kazi miezi michache baada ya mavuno, kisha inalala kwa sababu mbegu zimekwisha au zimepanda bei. Kumbe fedha kubwa ya kazi hii haiko kwenye chuma. Iko kwenye kununua mbegu wakati wa mavuno na kuziweka ghalani. Aliyekopa mashine kwanza anaujua ukweli huo mwezi wa Novemba, marejesho yakidaiwa kila mwezi na mashine ikiwa imefunikwa turubai. Yule wa magunia ameujua kwa gharama ya magunia, tena gharama yenyewe imerudi kwa sehemu, maana mafuta yameuzwa na mashudu yameuzwa.

Nairobi ina mfano wa karibuni kuliko Kongwa wa fedha kutangulia ujuzi. Mwaka 2021 kampuni changa iitwayo Kune, iliyoanzishwa na Mfaransa aliyekuwa mgeni jijini, ilikusanya dola milioni 1 kutoka kwa wawekezaji ili ipike na kusambaza chakula kilicho tayari, kwa maelezo kwamba chakula kizuri cha bei nafuu kilikuwa shida kupatikana. Wakenya walicheka, na sababu walikuwa nayo. Kila fundi ujenzi, mlinzi na karani wa Nairobi anakijua kibanda chake na mama anayepika pale chapati, maharagwe na sukuma wiki. Mama huyo anajua nani anakula saa ngapi, nani atalipa Ijumaa, na asubuhi ananunua mboga kiasi kilekile kitakachokwisha kabla ya saa tisa alasiri. Hana jiko kubwa la kulipia kodi, hana programu ya simu, hana timu ya kusambaza. Kune ilikuwa na hivyo vyote, na mlo wake uliuzwa takriban dola 3. Juni 2022, baada ya mwaka mmoja hivi, ilifunga milango. Tangazo la kufunga lilisema milo zaidi ya 55,000 ilikuwa imeuzwa tangu mwaka huo uanze, ila kwa bei ile haikutosha kubeba ukuaji. Kwa hiyo wateja walikuwepo. Ambacho hakikujulikana mapema ni gharama halisi ya sahani moja kufika mezani kwa mteja, na hilo lingeweza kujulikana kwa jiko moja na wateja arobaini.

Linganisha na jaribio lililoanza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, wakati Vodafone na Safaricom walipoweka huduma ya fedha kwa simu mikononi mwa wateja wapatao 500, wengi wao wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Sehemu ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza. Wazo la awali lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakafanya yao. Walitumiana fedha, walilipana madeni madogo, waliweka hela kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Upande wa marejesho ndio ukaleta usumbufu, kwani vitabu vya mkopeshaji na kumbukumbu za simu havikulingana kirahisi. M-Pesa ilipozinduliwa nchi nzima Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na tangazo lilihusu jambo moja, kutuma pesa nyumbani. Kinachonivutia ni kwamba Vodafone haikuwa na njaa ya mtaji. Ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za simu duniani, na ikachagua kujibana mpaka ijue wateja wanataka nini. Mwaka uliofuata Vodacom ilipoileta huduma hiyohiyo Tanzania, miaka ya mwanzo ilikwenda kwa kusuasua. Kilichojulikana Kenya hakikuvuka mpaka wa Namanga kikiwa kamili, na ilibidi bei, mawakala na matangazo vipangwe upya kwa hali ya hapa.

Nzambi Matee wa Nairobi hakuwa na Vodafone nyuma yake. Mwaka 2017 aliacha kazi ya uchambuzi wa data akageuza uwanja wa nyuma wa nyumba ya mama yake kuwa karakana ya kujaribia matofali ya kutandaza chini, yaliyotengenezwa kwa taka za plastiki na mchanga. Majirani walilalamikia kelele za mashine. Uwiano wa plastiki na mchanga ulimsumbua muda mrefu, kwani si kila aina ya plastiki inashikana na nyingine. Alipopata ufadhili wa kwenda Marekani kwa mafunzo ya ujasiriamali, alitumia maabara za Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder kupima michanganyiko yake. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtaja miongoni mwa vijana mabingwa wa mazingira duniani, na kampuni yake ya Gjenge Makers ilikuwa inauza. Alikuwa na msingi wa sayansi, hilo lisipuuzwe, lakini matofali ya plastiki alikuwa anajifunza. Lau benki ingempa mkopo wa kiwanda ule mwaka wa kwanza, angezalisha kwa wingi tofali ambalo uwiano wake ulikuwa haujapatikana. Na maabara aliyoitumia haikuwa yake. Hapa kwetu nako vipo vya kuazima kuliko tunavyovitumia: SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko tangu 1973, vyuo vya ufundi vya VETA vina karakana, na kuna mwenye mashine yeyote mtaani anayehitaji msaidizi wa miezi mitatu. Wengi wetu tunaona aibu kuwa wasaidizi baada ya kumaliza chuo. Aibu hiyo ni ghali sana, na huwa inalipwa kwa kiinua mgongo cha mzazi.

Pingamizi la kwanza kwa hoja hii ni la kimaadili, na ndilo linalonisumbua zaidi. Kuna atakayesema kwamba kuusifia mtaji mdogo ni njia ya kistaarabu ya kumwambia maskini abaki alipo. Msemo wetu kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe umetumika hivyo mara nyingi, hasa na wenye fedha. Nakubali kwamba ufinyu wa mtaji unaua biashara. Duka dogo na nyumba ya mwenye duka havina mpaka: ada ya mtoto, msiba wa kijijini, dawa za mzazi, vyote vinatoka kwenye droo moja, na mwezi mmoja mbaya unaimaliza droo. Ninachosema ni kwamba kujaza hela zaidi kwenye droo hiyohiyo hakutibu tatizo. Kinachofaa ni kutenga, kabla ya siku ya kwanza, kiasi ambacho hata kikipotea chote watoto watakula na kodi ya nyumba italipwa, kisha kukitumia kiasi hicho kununua majibu. Si mawazo ya kufarijiana haya. Mtafiti Saras Sarasvathy aliwapa wafanyabiashara 27 wazoefu wa Marekani, watu waliokwisha kujenga kampuni kubwa, tatizo moja la kubuni kuhusu biashara mpya, akawaomba wafikiri kwa sauti. Kwa kawaida hawakuanza kwa kukadiria faida itakuwa kiasi gani. Walianza na walichonacho, watu wanaowafahamu, na hasara wanayoweza kuibeba. Hao ni matajiri, na bado walifikiri kama watu wenye magunia machache. Wazo lao lilibaki kubwa. Hatua ya kwanza ndiyo iliyokuwa ndogo.

Pingamizi la pili ni la haraka: ukijaribu polepole, mwingine atakuwahi. Mwaka 2013 na 2014 haraka hiyo ilitawala ufugaji wa kware Kenya, na hapa kwetu ikafika pia. Bei ya yai ilipaa, ikasemwa yanatibu kila kitu, watu wakauza walichonacho wakanunua ndege na mashine za kutotolea. Wengi waligundua baadaye kwamba wateja wao walikuwa wafugaji wapya wanaotafuta mbegu, na siku wafugaji wapya walipokwisha, soko likaisha nao. Mayai yakakosa mnunuzi. Aliyekuwa na kware ishirini nyuma ya nyumba aliwala. Aliyekuwa ameingiza mafao yake yote hakuwa na la kufanya. Sidhani kama kuna biashara halali inayoharibika kwa sababu mtu alichukua miezi mitatu kuielewa. Zinazodai uamuzi kabla ya Jumatatu ndizo za kuogopa.

Watu watanitajia pia mashujaa. Reginald Mengi, watasema, alianza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake Dar es Salaam, akaishia kuwa na viwanda na vyombo vya habari. Ni kweli, na ni mfano mzuri, ila unasimuliwa nusu. Mengi alikuwa mhasibu aliyesomea Uingereza na kuongoza kampuni ya ukaguzi wa mahesabu ya Coopers & Lybrand nchini. Alipoanza kalamu alikuwa na mshahara, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kuangalia biashara za watu wengine zinapata na kupoteza wapi. Kalamu zilikuwa hatua ndogo ya mtu aliyekwisha kulipa ada ya ujuzi mahali pengine. Tukimsimulia kijana kalamu bila uhasibu, tunampa imani isiyo na mguu mmoja.

Pingamizi zito zaidi limo kwenye takwimu. Mwaka 2011 serikali ya Nigeria ilianzisha shindano la YouWiN!, ambapo vijana 1,200 walishinda ruzuku ya wastani wa takriban dola 50,000 kila mmoja. Mchumi David McKenzie aliwafuatilia. Miaka mitatu baadaye walioshinda walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko wenzao wa kuwa bado wanaendesha biashara, na wa kuajiri watu kumi au zaidi. Kwa hiyo fedha nyingi zinaweza kufanya kazi, na anayesema fedha si tatizo kabisa apewe takwimu hizi asome. Nami nimezisoma, na naona mambo mawili ndani yake. La kwanza, fedha hazikumwagwa kwa mkupuo. Zilitolewa kwa awamu nne, na kila awamu ilisubiri mshindi atimize alichokubaliana nacho, tena baada ya mafunzo ya kuandaa mpango wa biashara. La pili linashangaza: McKenzie na mwenzake walipolinganisha alama ambazo majaji waliyapa maandiko na jinsi washindi walivyofanya baadaye, alama hizo hazikuonyesha nani angefaulu. Maandiko yalipimwa na watu waliosomea kazi hiyo, na karatasi haikuwaambia kitu. Kama mtaalamu hawezi kujua kwa kusoma andiko, mwenye wazo naye hawezi kujua kwa kuliandika. Itabidi liende sokoni, na liende likiwa dogo kiasi cha kuweza kurudi.

Upande wa mikopo midogo habari ni ya kupooza. Tafiti sita zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Moroko, na kuchapishwa pamoja mwaka 2015, ziliona kwamba mikopo hiyo inasaidia watu kupanga maisha yao kwa uhuru zaidi, lakini hazikuona mabadiliko makubwa ya kipato kwa mkopaji wa kawaida. Mafunzo ya kawaida ya biashara nayo yana matokeo hafifu. Mjini Lomé, Togo, watafiti waligawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu. Waliofundishwa masomo ya kawaida ya uhasibu, masoko na usimamizi waliongeza faida kwa takriban asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati. Waliofundishwa kuthubutu, yaani kutafuta fursa wenyewe, kujaribu kitu tofauti, kupokea majibu ya wateja na kurekebisha, waliongeza kwa asilimia 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Sitaki kuujengea utafiti mmoja wa mji mmoja msikiti mzima, lakini unaelekea kulekule ambako Thika na uwanja wa mama yake Matee vinaelekea.

Tukizitazama sera zetu kwa jicho hilo, kasoro zinaonekana haraka. Mfuko wa Hustler Fund uliozinduliwa Kenya Novemba 2022 unampa mtu binafsi mkopo kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kumtaka arudishe ndani ya siku 14. Siku 14 zinatosha kuzungusha kreti za soda. Hazimtoshi mtu kujua kama sabuni aliyoibuni itamrudisha mteja mara ya pili, kwa sababu mteja mwenyewe hajamaliza kipande cha kwanza. Tanzania tuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa bila riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya matatizo ya usimamizi na urejeshaji, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi vikundi hewa na wadaiwa, na ilikuwa halali. Haukuuliza vya kutosha kuhusu vikundi halisi, vya watu waaminifu, vilivyopewa fedha za mashine ya kazi ambayo hakuna mwanakikundi aliyewahi kuifanya.

Pendekezo langu ni la kiutendaji na halihitaji sheria mpya. Halmashauri igawe mkopo wa biashara mpya katika awamu mbili au tatu. Ya kwanza iwe ndogo, ya kukodi mashine ya mtu mwingine, kununua malighafi kidogo na kuuza kwa msimu mmoja. Afisa maendeleo ya jamii, badala ya kudai andiko jipya lenye majedwali, adai daftari: tulinunua kwa nani, tuliuza kwa nani, kilichoharibika kiasi gani, aliyekopa amelipa lini. Awamu ya pili itolewe kwa kuangalia daftari hilo, na marejesho yaanze baada ya msimu wa majaribio. Benki zinazolalamika kwamba wabunifu hawana dhamana zinaweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa daftari la msimu mzima linamweleza mkopeshaji mambo ambayo hati ya kiwanja haimwelezi. Na kikundi kitakachorudi mwisho wa msimu kikasema kimejaribu, hesabu haikutoka, na kilichobaki ni hiki hapa, kiandikwe kwenye orodha yake peke yake, mbali na wadaiwa sugu, na kiruhusiwe kuomba tena mwaka unaofuata kwa wazo lingine.